Kilo Tatu na Anga la Wanajeshi

Haya basi. Mmenizonga vya kutosha pale mezani pa chai, kila mmoja akitaka kujua ilikuwaje nikapanda ndege asubuhi kwenda Migori, safari ya saa moja na robo, nikafika jioni. Kila nikianza kusimulia, Wafula ananikatiza kwa kicheko kabla sijafika Kisumu. Kwa hiyo nimeandika. Tiketi zilipatikanaje na nani alimwomba nani, hayo hayana utamu, nayaruka. Naanzia penye mizani.

Ila neno moja kwanza kwa ninyi mliooa kwingine. Sisi Wajaluo na mama mkwe hatuzoeani. Humpi mkono, hukai karibu naye, huli akikutazama, wala hulali naye chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima, na ukiivunja kuna wazee wa kukuuliza. Miaka tisa nimekaa na Adhiambo, na kwa miaka hiyo tisa sauti ya mama yake nimeisikia sana lakini uso wake nimeuona ubavu tu. Alipoletwa Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, alilala kwa mpwa wake huko Kariobangi, nami nikienda kumwona hospitalini nilisimama nje ya dirisha la wodi, nikiwasalimia watu wote isipokuwa yeye.

Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia ndilo lililopasuliwa, na ndilo pekee alilo nalo. Daktari alisema mambo mawili, akayarudia kama anayefundisha darasa la kwanza. Asiguswe na vumbi, moshi wala mitikisiko ya barabara kwa wiki mbili. Na atiwe dawa ya matone kila baada ya saa tatu, bila kuruka hata mara moja, kwa sababu jicho likiingia usaha hakuna lingine la kutengeneza. Kwa mpwa wake jiko la makaa lilikuwa chumbani. Ndipo tukaamua arudi kwake Migori, na arudi kwa ndege. Adhiambo angetia dawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo na kukaa mbali.

NAIROBI, PENYE MIZANI

Ndege yenyewe ilikuwa ya abiria watano na rubani. Rubani alikuwa kijana wa Mombasa, Kapteni Salim, mwenye shati jeupe na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alitukusanya kwenye kivuli cha bawa akatoa karatasi mfukoni.

"Ndugu abiria, pana badiliko. Wanajeshi wamelifunga anga kuanzia upande wa Narok hadi vilima vya Migori. Wana mazoezi ya mizinga. Itatulazimu tuzunguke kwa kaskazini, tupite Nakuru na Kericho, tutie mafuta Kisumu, kisha Homa Bay, na Migori tuiingie kwa upande wa ziwani."

"Si ni sawa tu," mtu mmoja akasema. Huyo alikuwa Marwa, Mkuria mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mpana mwenye kofia ya ngozi. "Tuzunguke twende."

"Si sawa, mzee wangu. Njia ndefu yataka mafuta mengi, na mafuta yana uzito. Kilo sabini lazima zibaki hapa."

Ikaletwa mizani. Ilikuwa ile ya kupimia magunia ya mahindi, na karani wa kuisoma alikuwa na sauti ya mtu wa mnada. Marwa akapanda. "Tisini na sita!" karani akapiga kelele. Marwa akashuka akasema yeye alilipia kiti, hakulipia kilo, na kama kuna wa kubaki si yeye. Kisha wakampandisha mama mkwe. Mimi nilijua kinachokuja, nikageuka nikatazama ua wa seng'enge na kuziba masikio, lakini karani yule angesikika mpaka Limuru. Uzito wa mama mkwe wangu nimeujua, jamani. Sitautaja hapa, heshima iliyobaki ndiyo hiyo.

Abiria wa tano alikuwa Mheshimiwa. Sitamtaja jina, na hata nikilitaja hamtalijua, wako wengi. Alikuwa akienda harambee Migori saa nane mchana. Alipoitwa mizanini alisema, "Mimi najulikana," na karani akaandika themanini bila kumpima, ingawa tumbo peke yake lilitosha kufika hapo. Aidha alikuwa na keki. Keki ya ghorofa tatu, nyeupe, ya kupigwa mnada kwenye harambee, imekaa ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni. Keki ilikubali kupimwa: kilo ishirini na mbili.

Sasa hesabu. Mimi ni kilo hamsini na nane, mnanijua, na begi langu tisa. Jumla sitini na saba. Adhiambo, sabini na nne.

"Wewe ukibaki, zapungua kilo tatu," Kapteni akaniambia kwa huruma. "Mkeo akibaki, zatosha."

"Kapteni, mke wangu ndiye mwenye kazi. Mimi nibaki na keki ibaki."

Mheshimiwa akanigeukia. "Kijana, hii keki si yangu. Hii ni keki ya wananchi wa Migori. Utawaambia nini wananchi?"

Adhiambo alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Alimtia mama yake tone la saa mbili palepale, akamfunika jicho kwa kile kikombe cha plastiki cha hospitali, akanisukumia chupa mkononi.

"Kofia ya kijani. Saa tano, saa nane, saa kumi na moja."

"Mimi?"

"Tafuta mtu."

"Mtu gani, angani?"

"Baba Akinyi," akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo, "mama ana jicho moja."

Akaondoka mbio kutafuta basi. Marwa akasogezwa kwenye kiti cha Adhiambo, ubavuni mwa mama mkwe, na kiti cha Marwa, cha nyuma kando yangu, kikapewa keki. Karani aliifunga mkanda. Mke wangu alikosa nafasi kwa ajili ya wanajeshi, na mimi nikasafiri na keki.

NAIROBI HADI KISUMU: TUNAZUNGUKA NINI?

Tulipanda saa mbili na nusu. Baada ya Naivasha Kapteni akanyoosha kidole kushoto. "Huko ndiko kulikofungwa."

Wote tukatazama. Palikuwa na mawingu matatu na anga la buluu, safi, mpaka mwisho wa macho.

"Mimi naona hakuna kitu," Marwa akasema.

"Mambo ya usalama wa taifa huwezi kuyaona kwa macho, mzee," Mheshimiwa akajibu kutoka mbele. "Ungeyaona yasingekuwa usalama."

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yangu, kitambaa kichwani, mikono mapajani, hatikisiki. Alimgusa Marwa bega. "Baba, hawa wanazunguka nini?"

Nilimsikia vizuri. Hata nikinong'ona angenisikia. Lakini desturi ni desturi, nikainama kwa Marwa. "Mwambie mama ni wanajeshi, wamefunga njia."

Marwa akageuka. "Mama, mkwe wako anasema iko vita."

"Sikusema vita!"

"Anasema si vita. Lakini anaogopa."

"Mwambie baba Akinyi asiogope," mama mkwe akasema. "Mwambie ashike keki."

Ndivyo tulivyokwenda mpaka Kisumu. Nilikuwa nikituma ujumbe wa maneno manne, Marwa anaufikisha na maneno kumi, nao unarudi umeongezewa shauri. Niliuliza kama jicho linauma. Jibu likarudi kwamba jicho haliumi, na kwamba mtu mzima asiye na tumbo anapaswa kunywa maziwa ya mgando. Nilishindwa kujua hilo la maziwa lilikuwa la mama au la Marwa.

KISUMU

Dereva wa lori la mafuta alikuwa amekwenda kunywa chai. Kwa hiyo nasi tukaenda kunywa chai, kwenye kibanda kando ya ua wa uwanja, na humo tukamkuta dereva wa lori la mafuta. Alisema anamaliza tu. Alimaliza baada ya saa nzima.

Ilipokaribia saa tano nikaanza kutafuta mkono. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni ya maua, Min Odongo, yaani Mama Odongo, anayekanda mandazi huku akiimba nyimbo za kanisa. Nikamwonyesha chupa, nikamwomba amtie yule mama tone moja jichoni.

"Kwani wewe mikono yako imefanya nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Woi!" Akaacha unga. "Basi toka hapo, umesimama karibu mno!"

Aliosha mikono mara mbili kwa sabuni ya kipande, akamsogeza mama kwenye mwanga, akatia tone safi kabisa. Kisha akamwambia kwa sauti ya kunifikia kwamba wakwe wa siku hizi wanajaribu. Ninyi hamjui nilivyojisikia fahari.

Mimi chai yangu nilinywea nyuma ya tangi la maji, nimekipa kisogo kibanda, kwa sababu siwezi kula mbele yake. Kapteni Salim akanifuata huko na kikombe chake. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kupatanisha.

"Ndugu yangu, mmegombana?"

"Na nani?"

"Na mkweo. Tangu Nairobi hamsemezani, na sasa wala andazi lako mafichoni kama mkimbizi. Kwetu sisi mtu akimkosea mama mkwe, huenda akambusu mkono, yakaisha."

Andazi lilinipalia. Nilikohoa mpaka dereva wa lori akaja kunipiga mgongo. Kumweleza Mswahili wa pwani kwamba nikimbusu mama mkwe mkono nitahitaji kuchinja na kuitisha kikao, kulichukua muda wote uliosalia wa kutia mafuta. Alinisikiliza kwa adabu sana, na nadhani hakuamini hata neno.

HOMA BAY, SAA NNE ZA KUKAA

Kutoka Kisumu hadi Homa Bay ni kurukia tu. Uwanja wa huko ni nyasi, na siku ile juu ya nyasi palikuwa na ng'ombe. Kapteni akapita chini mara moja kuwatisha, ng'ombe wakatazama juu, wakaendelea kula. Akapita mara ya pili. Marwa alikuwa amebandika uso dirishani. "Ile nyekundu nzuri sana," akasema. "Hiyo nanunua." Mara ya tatu mlinzi wa uwanja akaja na baiskeli akawafukuza, tukatua saa sita unusu.

Hapo redio ya ndege ikatuambia tukae. Migori bado imefungwa. Mpaka lini? Mpaka tutakapoambiwa.

Jua la Homa Bay halina haja ya kuelezwa kwenu mliolipitia. Tulimketisha mama chini ya bawa, mahali pasipo na vumbi, nami nikakaa hatua kumi kutoka hapo, chini ya mkia. Mlinzi akatuletea ngege wa kukaanga na ugali kutoka kwa mkewe, samaki mkubwa, mkavu nje na laini ndani, na mboga ya osuga. Nilikula nikiwa upande wa pili wa ndege, nimechuchumaa, na Kapteni alikuwa ameacha kuuliza.

Keki ndiyo iliyokuwa inateseka. Mheshimiwa aliishusha ipate hewa, na hewa ndiyo iliyoimaliza. Ile sukari nyeupe ikaanza kuteremka pole pole, ghorofa ya juu ikalala upande, na maandishi yaliyomtakia kila mtu maendeleo yakashuka mpaka kwenye sahani. Alisimama akiipepea kwa kofia.

Saa nane ikafika. Nikamtazama mlinzi, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta ya baiskeli mpaka viwikoni. Marwa akaninyang'anya chupa.

"Lete hapa. Mimi natibu ng'ombe wangu mwenyewe macho, miaka ishirini."

"Mzee, huyu ni mtu!"

"Jicho ni jicho."

Akanawa, akapiga magoti, akamshika mama mkwe kichwa kwa mkono mmoja kama ndama, akavuta kope kwa kidole gumba, na tone likaingia katikati kabisa. Min Odongo hakufikia hapo. Mama mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Nairobi, na kusema mtu huyu apewe ng'ombe yake nyekundu.

Baadaye kidogo likaja lori la wanajeshi. Wanajeshi wenyewe! Wakashuka kama ishirini, wakavua kofia, wakaanza kuagiza samaki kwa mke wa mlinzi. Kapteni akainuka mbio akapanga kola.

"Afande, mmemaliza mazoezi?"

Sajini wao akamtazama kwa mshangao. "Mazoezi gani? Mizinga haijafika. Lori lake liliharibika njiani Jumatano. Sisi tunangoja tu."

"Na anga?"

"Anga lilifungwa kwa karatasi. Kulifungua kunataka karatasi nyingine. Mkubwa wa kutia sahihi amekwenda harusini."

Ng'ombe walikuwa wamerudi uwanjani. Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka chini ya bawa.

"Marwa, muulize huyo askari. Kama wao wako hapa wanakula samaki, huko juu nani atatupiga?"

Sajini hakungoja kuulizwa. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, mfupa wa samaki mkononi. "Hakuna mtu, mama. Lakini lazima mzunguke."

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yangu sitaificha. Mke wangu alikuwa kwenye basi akila vumbi. Mama yake ana jicho moja, na jicho hilo linatiwa dawa na muuza mandazi na daktari wa ng'ombe. Yote hayo ili tusipite penye mizinga ambayo haikuwepo. Niliinuka nikamwambia sajini maneno, na namshukuru Mungu wengi wao hawakujua Kijaluo.

Mheshimiwa yeye hakukasirika. Aliona gari. Alimwita sajini pembeni, akazungumza dakika mbili akinyooshea kidole upande wa Migori, na lori la wanajeshi wasio na mizinga likageuka kuwa lori la keki. Wanajeshi sita waliibeba kwa mwendo wa gwaride. Ghorofa ya juu ilianguka wakipandisha, ikagonga nyasi, na kabla Mheshimiwa hajageuka ilikuwa imeshaliwa. Walikuwa wananchi pia, au sivyo? Mheshimiwa akakaa mbele na dereva, Marwa naye akadandia, kwa sababu alitaka kufika Ogwedhi kabla ya soko la ng'ombe. Aliniita kutoka juu ya lori.

"Wewe panda! Saa moja na nusu tuko Migori!"

Mama mkwe hangeweza. Barabara ile ilikuwa inachimbuliwa, na lori lilipoondoka liliacha vumbi lililosimama nyuma yake kwa dakika kumi. Nilimtazama mama akijifunika uso kwa kitambaa, nikakaa chini tena. Marwa alipunga kofia mpaka akapotea. Nikagundua sasa kwamba tumebaki watatu, na kwamba mkalimani wangu amekwenda zake.

KUPITIA ZIWANI

Saa kumi na dakika arobaini redio ikasema mna nusu saa, ingieni Migori kwa upande wa ziwani tu. Hawakusema kwa nini sasa na si asubuhi. Labda bibi harusi alikuwa ameshakata keki yake. Kapteni alituingiza mbio, mama mkwe kiti chake, mimi cha nyuma yake. Ndege iliruka bila taabu. Ilikuwa na nafasi ya akina Adhiambo watatu.

Tuliizunguka Mbita, tukaiacha Rusinga kulia, tukashuka kusini tukifuata ufuo. Maji pande zote, rangi ya chuma. Saa yangu ikafika kumi na moja kasoro dakika tano, tuko mkabala na Sori, na chupa ya kofia ya kijani ilikuwa mfukoni mwangu ikiniunguza.

Nikamgusa Kapteni bega. "Dawa ya mama."

"Mimi?" Hakugeuka. "Bwana, nakusihi. Mimi nikiona jicho la mtu natapika. Na nikitapika, nani ataishika ndege?"

Injini ilikuwa ikinguruma. Mama mkwe akasema kwa sauti, akiwa ameelekea dirishani, "Kapteni, mwambie baba Akinyi saa imefika."

"Mama, yuko nyuma yako. Akusikia vizuri."

"Mwambie."

Kapteni akapumua. "Bwana, saa imefika."

"Mwambie mama sina mtu."

"Mama, hana mtu."

Nilikuwa natokwa jasho mpaka kwenye soksi. Jamani, mimi si mtu wa kijijini, nimesoma, navaa tai. Lakini mkono wangu ulikataa. Miaka tisa nimekaa upande wa pili wa kila uwanja, wa kila mti, wa kila dirisha, na mwili ulikuwa umeshajifunza. Nikafikiria usaha. Nikafikiria maneno ya daktari. Nikamwona Adhiambo akiuliza. Bado mkono haukutoka mfukoni, na naona aibu kuandika hivyo.

"Kapteni," mama mkwe akasema tena. "Wale askari wapo huko tunakozunguka?"

"Hawapo, mama."

"Na bado tunawazunguka."

"Ndiyo, mama. Ni amri. Mpaka mwenye sahihi arudi."

"Haya." Akavua kile kikombe cha plastiki mwenyewe, akakiweka mapajani. "Huyu naye amenizunguka miaka tisa. Mwambie hapa mwenye sahihi ni mimi, na mimi sijaenda harusini. Aje."

Kapteni aliisawazisha ndege, akaishika kama aliyebeba bakuli la mchuzi. "Nenda," akasema. "Hapa hapatikisiki."

Nilipita katikati ya viti nikiwa nimeinama. Nikapiga magoti mbele yake. Tone la kwanza lilianguka puani. La pili likateremka shavuni, akalifuta kwa kidole. Ikabidi nimshike. Nilimshika paji la uso kwa mkono wa kushoto, ngozi yake ilikuwa baridi kidogo na laini, nikavuta kope kama nilivyomwona Marwa. La tatu likaingia.

Alipepesa. Jicho lilikuwa jekundu pembeni na majimaji, na katikati lilikuwa safi, la kahawia. Likanitazama. Lilinitazama muda mrefu, kuanzia nywele mpaka kidevu.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Adhiambo aliniambia wewe ni mnene."

Kisha akafunika jicho. "Rudi kwako."

Nikarudi kiti cha nyuma, nikatazama ziwa upande usio wake mpaka tukatua. Nililia kidogo. Haya Wafula, cheka.

MIGORI

Aliyekuwa amesimama kwenye nyasi za uwanja ni Adhiambo. Alikuwa wa kahawia tangu viatu hadi nyusi, vumbi tupu, amefika kwa basi kitambo. Keki nayo ilikuwa imeshafika, akatuambia, na imepigwa mnada ikiwa ghorofa mbili, na aliyeinunua ni Mheshimiwa mwenyewe. Kisha akamshika mama yake mkono na kunitazama mimi.

"Saa tano?"

"Mwanamke wa mandazi."

"Saa nane?"

"Mfanyabiashara wa ng'ombe."

"Nani?" Akaacha hilo lipite. "Na saa kumi na moja?"

Nilifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amenipa kisogo, kama inavyotakiwa, hatua zetu kumi zimerudi pale pale. "Kapteni ndiye aliyetia," akasema.

Kapteni Salim, aliyekuwa akishusha begi langu, akainua kichwa. "Mimi?"

Mama mkwe akamgeukia na jicho lake moja, likiwa bado chini ya plastiki.

"Ndiyo," akasema Kapteni. "Ni mimi."

Nililala gesti mjini, kama inavyotakiwa.

NAIROBI TENA

Ndiyo hayo. Na haya ya mwisho yakome hapa mezani, maana yakifika kwa Adhiambo yatafika kwa wazee, na mimi ng'ombe sina.

Jicho limepona. Juzi Adhiambo amerudi kutoka Migori na habari kwamba mama yake alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe, barazani, watu wakitazama, kisha akauchomoa akautunga tena kuwaonyesha. Nilimuuliza kama kuna salamu zangu. Akasema zipo, lakini hakuzielewa.

"Anasema, mwambie baba Akinyi ale anenepe, ili siku nyingine abaki yeye." Adhiambo alinikazia macho. "Mama anakuonaje mpaka ajue umekonda?"

Nikamwambia sijui.

Jana jioni, nikitoka kazini, nilipita kwenye duka la nafaka pale karibu na stendi. Nilimwomba mwenye duka anipishe kwenye mizani ya magunia. Alidhani namtania, lakini akaondoa gunia la maharagwe nikapanda. Maziwa ya mgando yanafanya kazi, jamani. Nimefika sitini na moja, na begi langu bado ni tisa.